Theluji Hukaa Mlimani

Jioni ile mama wa utabiri wa hali ya hewa alisimama mbele ya ramani kwenye televisheni akasema mambo matatu: London mvua, milima ya Wales theluji, na joto litazidi kushuka mpaka Jumapili.

Gaudensia alikuwa sebuleni kwa baba yake mdogo, Severin, hapo Lewisham, London, begi lishafungwa. Shemeji yake Ulimboka amefariki. Mazishi ni kesho mchana, katika mji mdogo ulio ng'ambo ya milima ileile iliyopakwa nyeupe kwenye ramani, na dada yake Anastasia hana ndugu mwingine huko hata wa dawa.

"Baba mdogo, tuondoke sasa hivi."

"Na mvua hii? Tutaondoka alfajiri."

"Na theluji?"

Severin akatabasamu. "Si wamesema milimani, mama? Mimi nimekulia Kibosho. Kila asubuhi nikinawa uso naiona Kibo ya Kilimanjaro nyeupe pe, na hata siku moja theluji haikushuka kwenye migomba yetu. Theluji hukaa mlimani. Sisi tunapita barabarani."

Gaudensia naye ni mzaliwa wa Kibosho, na hivyo ndivyo alivyokua akiona. Akakubali. Akampigia dada yake kumwambia watafika kesho.

"Wenzangu wa kazini watakuja," Anastasia alisema. "Ni watu wema. Lakini wao padre akishamaliza kusali wanaondoka, halafu anakuja mtu na mashine kufukia. Gaude, mume wangu afukiwe na mashine kama bomba la maji?"

"Tutamfukia sisi. Usiondoke kaburini mpaka utuone."

Alfajiri wakashika njia. Mvua iliwasindikiza kutoka London, ikawa ya kawaida tu, na Severin akaendesha huku akipiga mluzi. Walipoingia Wales barabara ikaanza kupanda. Matone yakawa mazito kwenye kioo, kisha yakawa meupe, kisha mashamba yote yakapotea. Gaudensia alitazama huku na huku akiutafuta mlima, mpaka akaelewa kwamba wako juu yake. Kwenye kona moja polisi alikuwa ameziba barabara kwa gari lake.

Severin akazima injini. "Tungoje. Jua likipanda itayeyuka."

Gaudensia aliangalia maji yaliyokuwa yakichuruzika ukingoni mwa barabara. Yalikuwa yameanza kuganda.

"Baba mdogo, walisema pia joto litashuka mpaka Jumapili. Leo haitayeyuka."

"Haya, nifundishe na baridi."

"Sikufundishi. Jana tumekosea sote wawili. Kamwulize polisi kama kuna njia ya chini."

Severin hakuwa mtu wa kuuliza njia. Alikaa kidogo ameshika usukani, kisha akashuka. Polisi alimwonyesha walikotoka: wateremke, wazunguke kupitia pwani, huko ni mvua tupu. Ni mbali.

Walifika saa ya mazishi imeshapita. Makaburini walikuwepo watu wachache na miavuli yao, na mashine ya kufukia imesimama pembeni, dereva wake amekaa ndani anajikinga na mvua. Kaburi lilikuwa wazi. Anastasia alikuwa amekalia kiti cha plastiki ukingoni pale, kama mtu anayengoja zamu hospitali.

"Mmechelewa," alisema.

"Tumechelewa, dada. Baba mdogo alidhani huku ni Kibosho."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Anastasia akamtazama, midomo ikamtetemeka kwa namna ya kicheko. "Ulimboka alikuwa akisema, Wachaga mnadhani kila mlima duniani ni wa kwenu."

"Mtani wangu huyo," Severin akasema. "Hata leo hakosi la kutusema."

Akavua koti, akaenda kuzungumza na dereva wa mashine. Dereva akateremka, akampa makoleo mawili aliyokuwa nayo. Severin akachukua moja, Gaudensia jingine. Udongo ulikuwa umelowa, mzito, unanata kwenye koleo. Baadaye mwenzake mmoja wa Anastasia, mama wa Kizungu mwenye viatu vyembamba, akafunga mwavuli wake, akanyoosha mkono kumpokea Gaudensia koleo.

Walifukia kwa kupokezana mpaka kaburi likainuka. Ndipo Anastasia akasimama kutoka kwenye kiti.