Redio ya Kumsikia Mama

Mwaka ule nyumba yetu ya Ihanda ilipovutiwa umeme, na kahawa nayo ikauzika vizuri, Baba alitangaza mezani kwamba tunakwenda Tunduma kununua redio. Hakusema redio ya nani. Matatizo yalianzia hapo, maana redio ingekuwa moja na wenye masikio tulikuwa watatu.

Baba, mzee Nathanaeli, alitaka redio ya kupiga kelele. Kwake redio nzuri ni ile inayosoma taarifa ya habari sebuleni, naye akaipata huko nyuma anakopalilia kahawa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kilio changu kilikuwa besi. Besi ya kumshusha kuku mtini bila kumgusa. Mama yeye alitaka kujisikia.

Mama yangu, Tabita, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika. Kwaya ilikuwa imekwenda Mbeya kurekodi kaseti, wakapangwa wote mbele ya maiki moja, wafupi mbele, warefu nyuma, kama picha ya darasa la saba. Mama ni mrefu. Kaseti ilipotoka, jirani yetu Gloria wa sauti ya kwanza alisikika mpaka anavyovuta pumzi. Mama, wapi! Tuliirudisha kaseti nyuma kwenye kale karedio ketu ka betri mpaka tukaogopa itakatika. Hakuna Mama. Kulikuwa na kinanda, kulikuwa na Gloria, na kabla ya ubeti wa tatu kulikuwa na kakelele fulani, tukasema hapo utepe umejikunja.

Gloria akapata la kusema bombani. "Mama Lusungu nauli ya Mbeya kaila, kazi yenyewe kafungua mdomo tu!" Wenye ndoo wakacheka. Mama naye akacheka, ila siku hiyo maharage yaliungua.

"Ni hii redio," alituambia. "Mimi nimo mle ndani."

Kwa hiyo tulishuka Tunduma watatu, kaseti ikiwa kwenye mkoba wa Mama, imefungwa kwenye leso kama yai.

Duka tuliloingia lilikuwa la Masumbuko, jamaa mnene mwenye maneno, aliyekuwa akimaliza kumsalimu mama mmoja wa Kizambia kwa lugha ya kwao, "Mulishani, bamayo!" Akatugeukia. "Karibuni wazee wangu. Hapa kwangu mnajaribu mpaka mridhike. Ila mkishavuka mlango, ni mali yenu, msinirudishie."

Akawasha redio kubwa kuliko kabati letu, spika zina macho matatu matatu na taa zinazokimbizana. Akabonyeza kitufe cha besi. Moyo wangu ulihamia tumboni ukakaa huko. "Hii!" nikapiga kelele. "Baba, hii!"

Baba hakuwepo. Alikuwa ameshavuka barabara, amesimama katikati ya malori yanayosubiri kuingia Zambia, mkono sikioni, anajaribu redio kwa umbali wa shamba.

"Inafika!" akapaza sauti kutoka kule.

Mama akafungua leso. Kaseti ikawekwa, na kwaya nzima ya usharika ikageuka wanaume watano waliofungiwa ndani ya pipa. Hata Gloria hakuwemo.

"Siyo hii," Mama alisema.

Masumbuko akaleta ndogo, nyembamba. Sasa Gloria alitoka mzima mzima, akaja akakaa sikioni mwangu. Mama hakutokea.

"Mbona mmezima?" Baba akauliza kutoka kwenye malori.

"Hatujazima, Baba!"

Nikaanza kuchanganyikiwa. Kaseti ni ile ile, watu ni wale wale, lakini kila redio ilikuwa na kwaya yake. Ya kweli ni ipi? Nilimuuliza Masumbuko, akasema ya kweli ni ile utakayoilipia.

Halafu, kwa kutuonea huruma au kutuonyesha tu, alishusha deki ya mtumba yenye spika za mbao. "Hii bei yake mtalia," alisema. "Lakini masikio hayalipi. Sikilizeni."

Jamani. Watu walitoka mmoja mmoja, kama wanaotoka ibadani na kusimama uwanjani. Huyu hapa, yule pale. Ubeti wa pili ukaisha, kinanda kikawa kinapiga peke yake, na kabla hakijamaliza, sauti moja ya kike ikaingia.

"Twende—"

Peke yake kabisa! Neno zima. Ndipo kwaya ikaja kumfuata. Kumbe utepe haukujikunja popote.

"Rudisha," Mama alisema. Masumbuko akarudisha. "Rudisha tena."

"Huyu mama ana haraka na mbingu!" Masumbuko alicheka mpaka akashika kaunta. "Wenzake bado wanavaa viatu! Ni nani huyu?"

"Simjui," alisema Mama.

Baba akarudi. "Vipi, ipi?"

"Ile kubwa ya Lusungu."

"Si ulitaka ya kujisi—"

"Baba Lusungu, nimesema ile kubwa. Wewe inakufikia, mtoto anafurahi, bei tunaiweza. Unataka nini tena?"

Baba akalipa. Nilipata besi yangu bila kugombana na mtu, na sijawahi kubeba ushindi mzito kama lile boksi. Mama akaifunga tena kaseti kwenye leso, mafundo mawili.

Jumapili baada ya ibada majirani walijaa sebuleni kuangalia taa zinazokimbizana. Gloria alikaa mbele. "Haya, wekeni kaseti yetu, leo tumsikie Mama Lusungu!"

Mama akanikazia macho. "Weka besi, Lusungu. Yote."

Nikaweka yote. Vikombe vikacheza kabatini.

"Bado sikusikii, shoga yangu!"

"Redio za Tunduma hizi!" Mama akajibu, akicheka kicheko kile cha maharage.

Baba akaingia kutoka uani. "Zima hilo linalonguruma, kwani tumenunua trekta?" Akabonyeza kitufe mwenyewe, besi ikafa, akaongeza sauti. Nilitaka kumzuia ila sikujua ningemweleza nini. Kinanda kikapiga. Na ile sauti, nyembamba kidogo kuliko dukani, ikaingia peke yake.

"Twende—"

Mama aliangalia sakafu.

"Si huyu hapa!" Baba alisema. "Huyu ndiye Tabita. Kule Tunduma mlipoweka ile ya mbao nilimsikia kutoka kwenye malori. Nyie wengine sikuwapata."

"Lakini Baba Lusungu," Gloria alisema, "amewahi!"

"Amewahi wapi? Ninyi ndio mmechelewa."

Gloria akafungua mdomo, ukabaki wazi, na safari hii kweli haukutoa kitu. Mimi nikabaki namwangalia Baba, nisijue anatania au ndivyo anavyosikia.

Mama akainua uso.

"Rudisha, Lusungu," alisema. "Na hiyo besi usiiguse."