Magunia Saba Mbele ya Nyumba

Judy aliposhika gunia la kwanza ili alitoe nje, mama yake alilishika upande wa pili na hakuliachia.

"Mama, tulikubaliana," Judy alisema.

Ni kweli walikubaliana. Nyanchama alikuwa ametoka hospitali ya Longisa siku nne zilizopita, baada ya kulazwa wiki nzima kwa sababu ya kifua. Daktari alimwuliza analala wapi na mna nini humo ndani. Nyanchama alijibu kwamba mna vitu vyake. Judy ndiye aliyesema ukweli: magunia saba yaliyoshindiliwa hadi kufikia dirisha, ya miaka na miaka, na panya wamezaliana ndani yake. Daktari akasema mama akiendelea kuvuta vumbi lile na mkojo wa panya, atarudi hospitalini, na safari hiyo huenda asitoke kwa miguu yake. Basi Judy akaomba ruhusa kwenye kiwanda cha chai alikokuwa karani, huko Kericho, akaja Jumamosi asubuhi na barakoa, glavu na ufagio mpya.

Kukubali ukiwa kitandani ni rahisi. Kuona gunia likielekea mlangoni kulimkata Nyanchama maini.

Magunia yale hayakuwa ya kawaida. Wakati wa vurugu za uchaguzi wa mwaka 2007, Nyanchama na marehemu mumewe Kepher, Wakisii waliokuwa wamenunua shamba kati ya Wakipsigis ng'ambo ya Ndanai, walitoka mbio kupitia mlango wa nyuma paa likiwa tayari linashika moto. Mkono mmoja wa Nyanchama ulimshika Judy, aliyekuwa na miaka tisa. Mkono wa pili ulishika kifuniko cha sufuria. Hakujua alikichukua saa ngapi. Walipofika kanisani walikokimbilia watu, akakitazama, akagundua kwamba katika mali yote ya miaka kumi na miwili ya ndoa, alichookoa ni kifuniko.

Walirudi baada ya miezi mitano, wakajenga upya. Nyanchama akaanza kufunga magunia. Moja la blanketi, moja la sufuria, moja la nguo za mtoto, moja la unga na chumvi, kila moja limekazwa kwa kamba ya katani na kuwekwa karibu na mlango. Kepher alimcheka, kisha akaacha kumcheka, kisha akafa kwa ugonjwa wa sukari, na magunia yakabaki palepale. Kila ulipokaribia uchaguzi aliongeza gunia. Sasa ulikuwa mwaka 2022, na zilibaki siku kumi watu wapige kura.

"Basi tuyapeleke nyuma ya nyumba," Nyanchama alisema. "Mbele hapana. Watu wanapita."

"Nyuma ni matope ya ng'ombe, Mama. Jua liko mbele. Wapite tu, ni magunia."

Nyanchama aliachia. Akatoka akaketi kwenye kigoda kando ya mlango, leso begani, akiyahesabu yakitoka. Judy aliyapanga uani kwa mstari, mbele ya ua wa miiba uliotenga boma na barabara. Baada ya magunia akatoa godoro, viti viwili vilivyovunjika miguu, sanduku la bati na marundo ya magazeti. Nyumba ikabaki tupu kama mdomo uliong'olewa meno. Uani, kukawa na rundo ambalo Nyanchama alikuwa amewahi kuliona kwa macho yake: hivi ndivyo nyua za watu zilivyoonekana mwaka 2007, asubuhi ya siku ambayo jioni yake nyumba zilichomwa.

Mwanamke mmoja alipita na kikapu cha majani chai mgongoni, akielekea kituo cha kununulia majani. Kila siku alimsalimia Nyanchama. Leo alisimama, akatazama magunia, akatazama godoro, akaondoka kwa haraka bila neno. Baadaye ikaja pikipiki. Ilipunguza mwendo, abiria akainua simu juu ya ua, kisha ikaondoka kwa kasi.

"Judy, rudisha ndani," Nyanchama alisema. Kifua kilianza kubana.

"Nimalize kufagia kwanza."

Ilipofika saa sita, Nyanchama aligundua kwamba hasikii kitu. Saa hiyo kituo cha majani huwa kimejaa kelele za wanawake wanaogombania mizani. Leo kimya. Hata watoto hawakuwa barabarani. Kisha akasikia injini. Pikapu ya Onyiego, Mkisii mwenzao wa boma la juu, ilikuwa ikishuka na mkewe mbele, watoto na mbuzi nyuma, na mabati yamefungwa juu ya meza. Onyiego alisimama langoni bila kuzima gari.

"Mama Judy, umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Basi mbona unatoka?"

"Sitoki. Mtoto anasafisha nyumba."

Onyiego alimtazama kama mtu anayeongopewa na mama yake. "Hata marehemu Kepher, mwaka ule wa moto, aliniambia hajasikia kitu," alisema. "Nikamwamini, nikapoteza kila kitu. Safari hii singoji kuambiwa."

Akakanyaga mafuta, akaenda zake upande wa Kisii.

Hapo ndipo woga ulipomgeuka Nyanchama. Mpaka wakati ule aliogopa watu wataonaje magunia yake. Sasa alijiuliza: je, kama Onyiego amesikia kitu kweli? Onyiego ana gari, ana simu nzuri, ana jamaa mjini. Mtu kama yule hawezi kupakia mbuzi bure. Alimwita Judy kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu Judy akiwa na miaka tisa.

"Acha ufagio. Tafuta mtu mwenye gari. Tupakie twende."

"Mama, twende wapi?"

"Popote. Onyiego ameenda. Atakuwa anajua kitu."

Kwa mara ya kwanza siku ile Judy hakubisha. Alitoa simu mfukoni ili ampigie mtu mwenye gari. Kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kijiji, ambalo hulifungua mara chache, kulikuwa na ujumbe zaidi ya hamsini. Akasoma, kisha akarudia kusoma.

"Wanasema nini?" Nyanchama akauliza.

"Wanasema Wakisii wa huku juu wameanza kuhama. Kwamba kuna kitu kitatokea leo jioni." Judy aliisogeza simu karibu na macho ya mama yake. "Na wameweka picha. Angalia, Mama. Hii ni sisi. Haya ni magunia yetu."

Nyanchama aliyaona: saba kwa mstari, godoro, viti, na yeye mwenyewe kwenye kigoda, leso begani kama mtu anayesubiri kubebwa. Picha ilikuwa imepita kwenye simu za kijiji kizima. Onyiego hakuwa amesikia kitu kingine chochote. Alikuwa amemwona yeye.

Aliyeumwa na nyoka, ukuti ukimgusa huruka. Lakini hapa nyoka hakuwepo hata mmoja, na watu walikuwa wakiruka kila upande, na ukuti ulikuwa wake.

Kabla hajasema neno, langoni akatokea mtu na panga mkononi.

Nyanchama hakuona uso. Aliona panga tu, ubavu wake ukimetameta, na pumzi ikamkatika kabisa. Judy akamkumbatia. Ilichukua muda mpaka sauti ikamfikia.

"Mama Judy, ni mimi. Ni mimi Rodah. Nilikuwa nakata nyasi ya ng'ombe."

Rodah alikuwa jirani yake wa chini, Mkipsigis, mwanamke wa rika lake. Alilaza panga chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Lakini hakuingia. Alisimama palepale kwenye lango, akitazama magunia.

"Kwa nini hukuniambia?" Rodah aliuliza. "Tumepanda chai pamoja, tumezika Kepher pamoja. Kama mnaenda, ungeniambia hata kwa mlango wa nyuma. Nimeshatuma ng'ombe, wote ila mmoja, kwa dada yangu huko Chebunyo. Huko chini wamama wanabeba watoto. Wanasema nyinyi mkitoka, ni kwa sababu watu wenu wanakuja kutuchoma usiku. Vijana wako pale njia panda na mishale."

"Kuwachoma nani?"

"Sisi."

Nyanchama hakuwa amewahi kuwaza hilo. Miaka yote alidhani woga ni mali yake peke yake, ameufunga kwenye magunia yake.

"Rodah, ni usafi tu. Daktari alisema."

"Kusafisha nyumba? Wiki hii?"

"Wiki hii. Ni ujinga, lakini ni usafi."

Rodah alitikisa kichwa. Alitaka kuamini, lakini nyuma yake barabarani walikuwa wanakuja wanaume sita, na mbele yao Kipkorir, mzee wa nyumba kumi. Nyanchama alimjua Kipkorir kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakujua mzee huyo alikuwa wapi jioni ile ya moto, na hakuwahi kumwuliza, kwa sababu kuna maswali ambayo ukishayauliza huwezi tena kumwomba mtu chumvi. Sasa akawaona vijana wawili wamebeba pinde. Alitamani kukimbia. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na shamba la chai lilikuwa hatua kumi tu.

Badala yake aliinuka kwenye kigoda. Baadaye alisema hakujua nguvu ilitoka wapi. Labda ni kwamba kifua kilikuwa kimebana mno, asingefika hata kwenye mstari wa kwanza wa chai. Akaenda kwenye gunia la kwanza, akaanza kufungua fundo. Vidole havikuliweza. Kamba ilikuwa imekauka, imekuwa mfupa.

"Rodah, njoo na hiyo panga," alisema. "Kata."

Rodah aliingia. Alikata. Gunia likafumuka, zikatoka blanketi zilizoliwa na nondo hata ukizishika zinabaki vidoleni, na kiota cha panya chenye vitoto vyekundu. Mmoja wa vijana alirudi nyuma kwa kinyaa. La pili lilikuwa na unga uliogeuka jiwe. La tatu sufuria, zimeingia kutu. Nyanchama alisonga kutoka gunia hadi gunia akikohoa, akisema, "Kata. Kata na hii." Mtu anayehama hufunga. Hakuna aliyewahi kuona mtu anayehama akifungua.

Gunia la nne lilikuwa la nguo za Judy. Sweta ya shule, soksi nyeupe, viatu vyeusi vya mtoto wa miaka tisa, vipya, havijawahi kukanyaga ardhi. Nyanchama alivishika akasimama. Kila uchaguzi alilikagua gunia lile kwa nje, akajaribu kamba, akaridhika. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa amejiandaa kumwokoa mtoto ambaye hakuwepo tena. Yule aliyekuwepo alikuwa nyuma yake, mwanamke mzima mwenye barakoa kidevuni, analia.

Kipkorir alivichukua vile viatu kutoka mikononi mwake. Akavigeuza, akatazama soli.

"Hizi ni za ile mwaka," alisema mwishowe.

"Za baada yake," Nyanchama akajibu. "Za kukimbia nazo."

Kipkorir aliinamisha kichwa. Kama alikuwa na neno la kusema juu ya jioni ile, hakulisema, na Nyanchama hakulidai. Mzee akawageukia vijana. "Rudisheni hizo pinde nyumbani. Mama anatoa takataka." Kisha akamwambia Judy, "Piga picha hii. Blanketi, unga, panya, yote. Mimi na mama yako na Rodah tuwe ndani. Tuma kila mahali."

Judy alipiga. Rodah aliinua blanketi iliyotoboka, kama mvuvi anayeonyesha samaki mkubwa, Kipkorir akiwa na viatu. Wakasubiri. Baada ya nusu saa kituo cha majani kikaanza kelele kidogo kidogo. Judy alimpigia Onyiego mara nne. Mara ya nne alipokea, akasikiliza, akasema amefurahi, lakini mkewe hawezi kurudi mpaka kura ihesabiwe. Familia nyingine mbili zilikuwa zimeshavuka upande wa Kisii, nazo hazikurudi siku ile.

Nyanchama alitaka kuchoma zile takataka zote zitoke machoni pake. Alikuwa ameshashika kiberiti Kipkorir aliposema, "Hapana, Mama. Leo usiwashe moto. Moshi ukionekana hapa, hakuna picha itasaidia." Kwa hiyo vijana walewale waliokuja na pinde walichimba shimo nyuma ya migomba, wakazika blanketi, unga, magazeti na panya. Sufuria Rodah alizibeba akazisugue kwa mchanga. Viatu hakuna aliyeuliza vilikwenda wapi.

Kura zilipigwa. Nyanchama hakulala vizuri usiku hata mmoja katika zile siku kumi, wala Rodah, aliyemweleza hivyo wakichuma chai. Hapakuchomwa kitu. Onyiego alirudi baada ya wiki tatu na mbuzi mmoja pungufu, na hadi leo humsalimia Nyanchama kwa mbali.

Lakini jambo ambalo Nyanchama hulikumbuka zaidi ni la Jumapili asubuhi, siku iliyofuata ule usafi. Alitoka jikoni na chai, akamkuta Judy amepiga magoti chumbani, katika nyumba tupu iliyokuwa na mwangwi. Alikuwa ametoa hati ya shamba kwenye sanduku la bati, pamoja na cheti cha kifo cha Kepher na picha yao ya harusi. Alivitia kwenye bahasha, akaibana bahasha ndani ya mkoba wake wa kazi.

"Nitakaa nazo Kericho," alisema bila kumtazama mama yake. "Mpaka wamalize kura tu."

Nyanchama aliiweka chai chini. Alitaka kumwambia kwamba ndivyo inavyoanza, kwa kitu kidogo, cha muda tu. Alimtazama binti yake akijaribu zipu mara mbili, tatu, kuhakikisha imefunga.

"Kunywa chai kabla haijapoa," alisema.