Siki Iliyomwagwa Nunguni

Tangu kanisa lao la Nunguni lilipoezekwa mabati, jiko lilikuwa la Mbithe. Waje wageni wachache, waje wa harusi, yeye ndiye aliyeonja chumvi. Kwa hiyo Mchungaji Kyule alipotangaza kwamba mhubiri Esteban, mzee kutoka Ajentina, angepikiwa na Ndunge, akina mama walipiga vigelegele, naye Mbithe akapiga, lakini chake kilikuwa kifupi. Ndunge alikuwa mke wa mwanawe. Aliwahi kupika katika hoteli moja Kibwezi, akafundishwa huko mchuzi ambao watu wa Ajentina hula na nyama ya kuchoma.

Siku ilipofika, mbavu za ng'ombe zikiwa tayari juu ya makaa, Ndunge aliinamia ubao akikatakata majani ya pasli kwa kisu.

"Si utie kwa blenda umalize?" akauliza Kaveke, mwenyekiti wa akina mama.

"Blenda itafanya uji, mama. Hii ni pasli, saumu, oregano kavu, pilipili kidogo, mafuta na siki. Hakuna dania, hakuna ndimu, hakuna nyanya. Ukiweka hizo, umevalisha kachumbari yetu suti tu."

Wakacheka. Mbithe hakucheka. Alikuwa ameiona chupa ya siki, ina picha ya zabibu na maandishi kwamba imetokana na mvinyo.

"Pombe inaingia jiko la Bwana?"

"Ilishachacha ikawa siki, mwaitu," Ndunge akamjibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Hata unywe chupa nzima hulewi. Ni tumbo tu litakukaripia."

Marehemu mume wa Mbithe, Nzau, alimalizwa na pombe, na hapo hakuna asiyejua. Kelele za kumpokea mgeni ziliposikika nje, Mbithe akamwambia Ndunge, "Nenda kasalimie, mimi nitamalizia."

"Asante sana, mwaitu. Siki usiionee huruma."

Alipobaki peke yake, Mbithe akaimwaga siki yote kwenye majani nyuma ya jiko, midomo ikiomba. Akakamua ndimu. Kisha, jambo ambalo Mungu hakumtuma hata kidogo, akachukua fungu la dania akalikata humo.

Mezani mzee Esteban alijipakulia, akatafuna. Akamuuliza Kyule ule ulikuwa mchuzi gani.

"Si ni wenu!" Kyule akajibu kwa fahari.

Mzee akatabasamu kwa upole. "Ni mtamu. Lakini si wetu. Kwetu majirani hugombana juu ya oregano, wengine hawaitaki kabisa. Juu ya siki hakuna anayegombana."

Kyule alipotafsiri, meza nzima ikacheka. Kaveke akaja na bakuli la mchuzi jikoni, ambako Ndunge alikuwa amesharudi kwa Mbithe. "We Ndunge, huko Kibwezi ulikuwa unapika ama ulikuwa unaosha sufuria? Umetuaibisha mbele ya mgeni. Na ile harusi ya Jumamosi tuliyokupa upike, tutatafuta mtu mwingine."

Ndunge akachovya kidole, akaonja. Upepo ulileta harufu ya siki kutoka nyuma ya jiko. Akamtazama mama mkwe wake, mara moja tu, kisha akamgeukia Kaveke.

"Nilikosea, mama. Niliharakisha."

Mbithe alikuwa ameandaa majibu, na mistari ya Biblia ya kuyasimamisha. Sasa hakukuwa na mtu wa kumjibu. Siki angeweza kumweleza Mungu. Dania je? Dania haikuwa na pombe. Ile aliitia ili Ndunge aonekane si kitu, na Ndunge, aliyejua, alikuwa amemfunika kama mtu anavyomfunika mzazi aliyejikojolea.

Ndunge aliinama kuosha ubao. Mabega yalimtikisika.

Mbithe akachukua bakuli kwa Kaveke, akatembea, Kaveke akimfuata, mpaka meza ya wachungaji, mahali ambapo hufika tu kupakua. Kyule akainua macho. "Umeleta mchuzi mwingine, Mama?"

"Mwambie mgeni si Ndunge. Yeye alijua mchuzi wao. Mimi ndiye niliyemwaga siki, nikatia ndimu na dania, na nilikuwa nimekatazwa. Na si kwa sababu ya wokovu."

Kyule akauliza, "Hilo nalo nimwambie?"

"Mwambie lote. Na Kaveke asikie."

Kyule akatafsiri polepole. Mzee Esteban akasimama, akamvutia kiti. Wema huo ukamchoma Mbithe kuliko kicheko. Hakukaa. Alisimama na bakuli lake mbele ya watu wote, huku Kaveke akirudi jikoni kumwita Ndunge.