Watu Mia wa Kuvuka

Delfina aligongwa na gari mwezi wa kumi, saa kumi na robo jioni, akiwahi basi la kwenda ghalani, kazini. Barabara ile ya mtaa wa Iroquois, mjini Louisville, Marekani, ina njia nne, haina taa za kusimamisha magari wala mistari ya kuvukia, na anayetaka kuvuka hukimbia kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Kornelia, jirani yake tangu kambi ya wakimbizi huko Tanzania, alikuwa ameshafika ng'ambo. Aligeuka akamwita: "Kimbia, dada, basi linaondoka." Delfina akakimbia.

Baada ya mazishi Kornelia alikwenda ofisi ya barabara kuomba taa. Afisa, bwana mmoja mpole mwenye kikombe cha kahawa, alimweleza utaratibu: taa huwekwa mahali wanapovuka watu mia moja kwa saa moja, na kila mtu huhesabiwa mara moja tu. Walishapima pale. Walivuka kumi na wanne.

"Hawavuki kwa sababu wanaogopa kufa," Kornelia alisema.

Afisa aliandika hilo pia. Aliahidi kupima mara moja zaidi, Jumanne ya wiki mbili zijazo, kuanzia saa kumi jioni. Adhabu ya kaburi aijua maiti, na huyu bwana alikuja kazini na gari lake.

Kornelia akaanza kutafuta watu mia. Wa kwanza kukubali kuvuka hawakuwa watu wa kanisa lake. Walikuwa Wabudha. Hekalu lao liko ng'ambo ya barabara, katika jengo lililokuwa duka la matairi, na mkubwa wao ni Mama Dieu, mtawa wa Kivietinamu mwenye kichwa kilichonyolewa na miaka yake sabini. Ndiye aliyetoka na blanketi Delfina alipoanguka, akamshika mkono mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Yeye naye aliwahi kuishi kambini, huko Thailand.

"Watu wangu wanadhani dini ni kukaa juu ya mto wa sakafuni na kufumba macho," alimwambia Kornelia kwa Kiingereza cha kuungaunga, ambacho ndicho walichokuwa nacho wote wawili. "Mtu akifa mlangoni kwako, unafumbua macho, unasimama."

Basi wakafanya mazoezi uani. Wabudha thelathini walitembea kimya, hatua moja kwa pumzi moja, na Kornelia akitazama damu ikimchemka. Mwenda pole hajikwai, sawa, lakini waliosema hivyo hawakuijua barabara ya njia nne.

"Mama, magari hayatasimama. Lazima tukimbie."

"Delfina alikimbia," mtawa alisema.

Hakujua ni nani aliyemwambia akimbie. Kornelia alijua, na tangu siku ile hakulala usingizi wa kushiba. Aliinamisha kichwa akaingia kwenye mstari.

Majirani arobaini walikubali. Zilibaki nafasi thelathini, na kwaya yake ilikuwa na watu thelathini na watano. Mchungaji Zenoni, Mrundi mwenzao, alikataa katakata. "Hatuwezi kutembea nyuma ya sanamu, mama."

"Sanamu inabaki ndani, Mchungaji. Mimi nitatembea nyuma ya Delfina. Alikuimbia sauti ya pili miaka kumi na mmoja."

Mchungaji alisema ataomba kwanza. Kornelia hakungoja jibu la maombi. Aliwapigia wanakwaya mmoja mmoja, akawaambia waje na nguo nyeupe za msibani. Siku ya kumzika Delfina alikuwa ameona jambo: mjini Louisville msafara wa mazishi ukipita, magari husogea pembeni na kusimama, hata malori.

Jumanne ile mhesabuji wa ofisi ya barabara alikaa kwenye gari lake na kidude cha kuhesabia mkononi. Kornelia alitangulia na picha ya Delfina, Mama Dieu kando yake, nyuma yao kanzu za kahawia na nguo nyeupe zimechanganyika. Wabudha walinyamaza. Kwaya haikuweza, ikaimba chinichini.

Alishusha mguu wa kwanza barabarani. Gari la kwanza likapunguza mwendo. La pili likasimama. Dereva wa lori akavua kofia yake, akaiweka kifuani, na hapo Kornelia akashikwa na hasira kubwa kuliko siku zote tangu msiba. Kumbe walijua kusimama. Alitamani kumpiga mtu. Akavuta pumzi, akapiga hatua.

Mchungaji Zenoni alifika mstari ukiwa katikati ya barabara. Alikuja kuchunga kondoo wake, alisema, akavuka wa mwisho na kuhesabiwa kama wengine. Walikuwa mia moja na sita.

Taa ziliwekwa mwezi wa nne. Jumatatu moja Kornelia alitoka kwenda kazini peke yake, akabonyeza kitufe, akangoja. Magari yakasimama, njia zote nne, na mbele yake hapakuwa na picha ya marehemu. Ng'ambo basi lilikuwa limeshafungua milango. Miguu ilitaka kukimbia, akaikataza.

"Polepole, dada," alisema kwa sauti, kana kwamba Delfina yuko nyuma yake. "Hilo likiondoka, litakuja lingine."

Basi likaondoka. Alikuwa bado katikati ya barabara, akitembea.