Kipanga Hajaambiwa

Jumatatu ya wiki ya pili ya mtihani wa taifa, kabla hata ya saa moja asubuhi, kiranja mkuu alisimama mlangoni pa ofisi ya mkuu wa shule na orodha ya watahiniwa mkononi, akasikia jambo ambalo hakutakiwa kulisikia. Mlango ulikuwa wazi nusu. Mkuu alikuwa na simu sikioni, ameupa mlango mgongo.

"Pole sana, mjomba. Poleni nyote," Mkuu alikuwa anasema. "Ndiyo, nimemwambia mwenyewe jana jioni. Amelia, mtoto wa watu, amelia sana. Lakini anasema atabaki amalize mtihani. Anasema mama yake angetaka hivyo. Mazishi Jumatano, nimeelewa. Nitamfikishia. Mungu awatie nguvu."

Kiranja alijua papo hapo anasemwa nani. Katika darasa la wasichana arobaini na wawili, mwenye mama aliyelazwa hospitali alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyelala kitanda cha juu yake. Walimwita Kipanga kwa jinsi alivyonyakua alama. Na Kipanga hakuwa amelia jana jioni. Jana jioni alikuwa amekunja miguu kitandani akiwaelekeza wenzake watano hesabu za pembetatu, huku akiwatania kwamba vichwa vyao vimejaa pamba. Dakika kumi zilizopita Kiranja alikuwa amemwacha anapiga viatu rangi na kuimba kwa sauti yake mbaya.

Mkuu aligeuka, akamwona.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Hukusikia." Akaweka simu mezani taratibu. "Kaa. Wewe ni msichana mkubwa, tuzungumze kikubwa. Huyu akiambiwa leo, ameanguka leo. Miaka minne yote imekwenda na maji. Mama ameshaondoka, kwenda kwake hakumrudishi. Mtihani ukiisha nitamwita, nitamkalisha hapo hapo ulipokaa, nitamwambia mwenyewe. Hapa shuleni mama yake ni mimi."

Nyuma yake ukutani palikuwa na picha za wanafunzi waliowahi kuongoza wilaya. Ya mwisho ilikuwa imepauka, ina miaka sita, na pembeni yake msumari mpya ulikuwa umekwisha kugongwa. Mtu yeyote mwenye macho angeona huyu mama wa shuleni alikuwa anamhurumia nani.

"Neno hili likimfikia," Mkuu akaendelea, "hutatia mguu tena kwenye chumba cha mtihani. Nakufuta. Wewe na kila atakayefungua mdomo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu."

Ndivyo alivyojibu, na hakuna haja ya kumpamba. Mama yake alikuwa mfagizi wa soko, wadogo zake wanne wote walikuwa wanamtazama yeye, na kufutwa kulikuwa neno lililomkata maini. Akaenda kwenye karatasi ya hesabu. Kipanga, safu ya mbele, alimaliza kabla ya wote, akageuka akamkonyeza.

Siri ile ilimshinda mchana huo huo. Alimwambia mmoja, akamwapisha. Yule naye alimwambia mmoja, akamwapisha. Kufikia jioni wasichana arobaini na mmoja walikuwa wameapishana, wote wanajua, na wote kimya kama maji ya mtungi. Wema ukaanza hapo. Foleni ya bafuni ilimpisha Kipanga bila kuomba. Mmoja alimfulia soksi. Mwingine, mchoyo wa kutupwa, aliyekuwa anaficha sukari yake ndani ya kiatu, alimletea kikombe cha chai kitandani.

"Jamani, nini?" Kipanga akacheka. "Mbona mnanitunza kama bibi harusi? Au mnataka niwaachie mwone majibu?"

Wakacheka naye. Mmoja alicheka mpaka akalazimika kutoka nje, na huko nje akashika ukuta akalia. Kiranja alilala kitanda cha chini akitazama mbao za kitanda cha juu na kujiona mchafu. Alijifariji kwa hesabu ya kitoto: leo Jumatatu, mazishi Jumatano, bado kuna siku. Siku ni kitu mtu anachojigawia kirahisi akiwa na hofu.

Jumanne Kipanga mwenyewe aliomba kupiga simu nyumbani amjulie hali mama yake. Matroni, ambaye naye alijua, alimwambia simu ya bweni imeharibika. Kipanga akasema, "Basi Ijumaa," akaingia kwenye mtihani.

Mchana wa siku hiyo, saa tisa, karatasi zilipokwisha kukusanywa, Kiranja alipeleka maji ya kunywa kwa msimamizi wa mtihani. Alikuwa mwanamume mzee kidogo, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyeletwa kutoka nje, na hakuzungumza na mtu. Alikuwa anafunga bahasha kwa gundi. Kiranja aliuliza kwa kuzungukazunguka: je, mwanafunzi akifanya kosa la nidhamu, tuseme la maneno tu, mkuu wa shule anaweza kumfuta mtihani?

Msimamizi hakuinua hata kichwa. "Mkuu wa shule? Hawezi. Mtahiniwa akishasajiliwa ni wa baraza la mitihani. Mkuu hana mamlaka ya kumtoa." Akalainisha gundi kwa kidole. "Wala ya kumshika. Mwenye dharura anaondoka, karatasi itakayompita imempita, zilizobaki anafanya. Na anayechelewa zaidi ya nusu saa haingii. Ndizo sheria. Kwa nini?"

"Nauliza tu, mwalimu."

Alitoka pale. Siku mbili walikuwa wametetemeka mbele ya rungu ambalo Mkuu hakuwa nalo. Hasira ilimpanda, ya Mkuu kwanza, kisha yake mwenyewe, kwa sababu kuuliza kulichukua dakika moja na angeweza kuuliza jana.

Alimwambia Kipanga jioni ile, kabla ya kengele ya chakula, nyuma ya bweni penye kamba za nguo. Hakumzungusha. Alisema, "Mama amefariki. Jumapili. Mazishi kesho." Kipanga alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. Halafu akakaa chini kwenye simiti yenye maji. Hakupiga kelele. Alisema tu, mara nyingi, "Mimi nilikuwa naimba."

Mlinzi alikataa kufungua geti jioni hiyo bila karatasi ya Mkuu, na Mkuu alikuwa ameshaondoka. Wakasubiri asubuhi.

Jumatano saa moja na nusu, darasa zima lilikuwa getini. Si bango, si wimbo. Walijipanga mistari minne kama wakati wa kuhesabiwa, wamevaa sare, kalamu mifukoni, Kipanga mbele na mfuko wa nguo. Mkuu alikuja mbio kwa viatu vyake vya kisigino.

"Nani amemwambia?"

"Mimi," akasema Kiranja.

"Mimi," akasema aliyeficha sukari.

"Na mimi," akasema mwingine, na sasa zikawa sauti nyingi, wala hakuna aliyepaza.

Mkuu alimsogelea Kipanga, akabadili sauti. "Mwanangu, sikiliza. Fanya karatasi ya leo tu. Moja tu. Saa tano nakupeleka na gari langu."

"Mjomba wangu ulimwambia nini?" Kipanga akauliza.

Mkuu alimwacha hapo. Akawageukia wengine. "Saa mbili kamili mtihani unaanza. Ingieni."

Hakuna aliyeinua mguu. Kiranja akasema, "Hatuingii mpaka geti lifunguliwe, mwalimu. Tunajua huwezi kutufuta."

Saa mbili ikapiga. Msimamizi alitoka akasimama mlangoni mwa ukumbi, bahasha kifuani, akatazama getini, akatazama saa yake. Saa mbili na dakika kumi. Msichana mmoja alianza kulia kwa hofu, na aliyekuwa pembeni yake akamshika mkono. Saa mbili na ishirini. Mlinzi alikuwa anakwepa macho ya kila mtu. Mkuu aliwaangalia, na labda kwa mara ya kwanza aliona darasa lote likiandikwa sifuri chini ya jina la shule yake, maana ilipofika saa mbili na dakika ishirini na tano alimwashiria mlinzi kwa kidevu.

Geti likafunguka. Kipanga akatoka bila kugeuka nyuma. Wengine wakageuka wakakimbia kuelekea ukumbini, na wa mwisho aliingia msimamizi akiwa ameshashika kitasa.

Msimamizi aliandika taarifa. Baadaye mkaguzi alikuja, akala chakula cha mchana ofisini, na mwisho wa mwaka Mkuu alihamishiwa shule nyingine, akiwa mkuu vilevile. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu.

Kipanga alirudi Ijumaa asubuhi kufanya karatasi zilizobaki. Kiranja alimkuta bombani anaosha uso. Alikuwa amekonda kwa siku mbili tu, na sauti imemkauka.

"Ulifika?" Kiranja akauliza.

"Nilifika. Walishazika. Jumanne, saa tisa." Kipanga alifunga bomba. "Jumatano walipanga kwa ajili yangu, ili nipate kufika. Mjomba alipoambiwa siji, wakaona hakuna wa kumsubiri. Shangazi hakunipa mkono. Alisema, huyu ndiye aliyechagua mtihani."

"Pole," Kiranja akasema.

"Wewe ulijua lini?" Kipanga akauliza.

Jibu lilikuwapo tayari, jepesi: Jumanne, nilijua Jumanne, nikaja moja kwa moja. Darasa zima lingemlinda. Jibu hilo lingemfariji Kipanga, lingemwachia japo mtu mmoja wa kumwamini. Kiranja alilishika kinywani, na ndipo aliposikia linatoka kwa sauti ya Mkuu, sauti ile ya huruma ya kwenye simu.

"Jumatatu," akasema. "Kabla ya hesabu."

Kipanga alitikisa kichwa taratibu, kama anayekagua hesabu iliyokwisha kufanywa. "Jumatatu ningefika."

"Ungefika."

"Mkuu simshangai. Hanijui yule, anajua alama zangu." Akajifuta uso kwa mkono wa sweta. "Wewe nimelala juu yako miaka minne."

Kengele ikalia. Kipanga akaokota kalamu zake ukingoni mwa bomba akatangulia ukumbini, na Kiranja akamfuata kwa mbali, kwa sababu hata yeye alikuwa na karatasi ya kufanya.