Plasta ya Kupokea Mgeni

Ukuta wa mashariki wa makumbusho ulikuwa unaanguka. Ufa ulianzia kwenye msingi ukapanda hadi chini ya paa, na mkono wa Kiarie uliingia ndani yake mpaka kiwiko. Jumba lilijengwa na mlowezi kwa mawe na udongo, huko Subukia, na tangu aondoke hakuna aliyelitengeneza. Mvua ndefu zilikuwa karibu.

Kiarie, mwenyekiti wa kamati ya makumbusho, alikuwa ameomba kila mahali. Kaunti ilimwambia asubiri bajeti. Mheshimiwa mbunge aliacha kushika simu. Mwishowe mfuko mmoja wa kuhifadhi majengo ya kale ukakubali kumtuma injinia. Akisema jumba limo hatarini, pesa zingetoka. Hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

"Tumwite fundi apige plasta," Kiarie alimwambia Waithera, mweka hazina.

"Si anakuja kuona huo ufa?"

"Wewe mgeni akija kwako anakuta vyombo vichafu?"

Hata Waithera akisikia mgeni yuko njiani, hufua vitambaa vya makochi kwanza.

Basi ufa ukazibwa kwa simiti, ukuta ukapakwa rangi nyeupe. Kina mama wakasugua madirisha.

Injinia aliitwa Ruqaiya. Alikunywa chai, akala chapati, akazunguka jumba akigongagonga.

"Ufa wenyewe uko wapi?"

"Uko hapo ndani, madam. Tuliuziba."

"Kwa nini?"

"Wewe ulikuwa unakuja, madam."

Ruqaiya alivua miwani akaifuta. "Mzee, nikiandika ufa ambao sina picha yake, watasema nimekula na nyinyi."

"Picha utapata."

Kiarie alikimbia stoo akarudi na mtaimbo. Ruqaiya alimwambia aache. Waithera akamshika koti. Akajing'oa.

"Niache, mama. Akienda hivi tumekwisha."

Alipiga mara ya kwanza, plasta haikusikia. Akapiga tena kwa nguvu zake zote. Simiti ilikuwa imeshikana na mawe, na ilipotoka ilitoka nayo. Udongo wa ndani ukamwagika kama unga. Wanawake wakakimbia. Kisha ukuta ukainama nje, taratibu, ukalala.

Vumbi lilipotulia, Kiarie alikuwa ameketi chini, jiwe juu ya mguu wake.

"Sasa piga picha," alisema.

Ruqaiya alipiga. Halafu akachuchumaa karibu naye. "Mfuko wetu hutengeneza jengo lililosimama, mzee. Likianguka, haujengi."

Ukuta ulienda na vyumba viwili. Vikapondeka vibuyu vyote vya maziwa alivyovitoa mamake Chepkosgei wa kamati, na picha za vibarua wa mashamba ya walowezi, ambazo hazina nakala popote. Hospitalini Kiarie alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Zilipotea pia simiti mifuko minne, rangi ndoo mbili, na mtamba wake mmoja aliyeuzwa ili vinunuliwe.