Betri ya Igowole

Betri ya redio ya Igowole ilikuwa haiishi. Redio nyingine za baraza katika Jimbo zima zilimaliza betri kwa wiki tatu, zikizidi sana nne, kisha betri ikapakiwa kwenye lori kwenda kuchajiwa. Ile ya Igowole ilikaa miezi mitatu. Ofisi ya redio iliyokuwa Mbeya ilidhani kwanza kwamba kuna mtu anaichaji kwa siri, halafu ikadhani redio yenyewe imeibwa. Julai 1957 ikamtuma karani wake, Isakwisa, akawahoji wasikilizaji. Aliondoka Uyole na lori la viazi akiwa na fomu sitini, kalamu mbili na koti la kuazima.

Fomu ilikuwa na maswali manane. La sita liliuliza: Je, redio huzimwa kabla matangazo hayajaisha, na kwa nini? La saba liliuliza: Ungependa kipindi gani kiongezwe? Chini yake palikuwa na visanduku vitano vya kutiwa alama: muziki wa dansi, kilimo, habari, dini, na mashauri kwa akina mama. Nyuma ya fomu palikuwa patupu.

Alifika Igowole saa tisa alasiri, manyunyu ya baridi yakishuka pamoja na ukungu. Kutoka lori lilipomwacha hadi barazani alipita mioto kumi na tisa, kila mmoja mbele ya nyumba ya watu, ikiwaka kwenye manyunyu bila kuni. Mmoja ulikuwa unawaka juu ya dimbwi. Kwenye mwingine mwanamke alikuwa anachoma viazi na kuvigeuza kwa kijiti. Isakwisa alisimama, akapasha mikono yake moto, akamshukuru mwanamke yule, akaendelea na safari.

Mtunza redio alikuwa Liberatus, mwanamume wa makamo aliyevaa ufunguo wa kabati la redio shingoni pamoja na rozari.

"Kamwene, bwana karani," alisema. "Umekuja kwa habari ya betri."

"Nimekuja kuwahoji wasikilizaji."

"Basi na betri imo humo humo. Mimi nafungua saa kumi na mbili, tunasikiliza habari. Habari zikiisha wanaweka dansi, nazima. Hapa kuna msiba, bwana. Penye moto wa msiba hatupigi muziki."

Isakwisa alitoa kalamu. "Msiba tangu lini?"

"Wa kwanza tangu hamsini na mbili. Wengine wamefuatia."

Wanaume wa Igowole walikuwa wakiandikishwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Tanga. Manamba, ndivyo walivyoitwa, kwa sababu huko mtu aliitwa kwa namba. Mtu akifa huko, siku hiyo hiyo moto uliwaka wenyewe mbele ya nyumba yake Igowole. Majirani waliuona, wakaleta unga na maharage, wakakaa chini. Baada ya miezi miwili ilikuja barua ya shamba, na barua zote zilisema neno lile lile: mtoro. Fulani, namba fulani, ametoroka kambini tarehe fulani. Na tarehe ilikuwa ile ile ya moto. Mwandishi wa barua zile hakuona haya, hata tarehe hakuibadilisha.

Kwa barua hizo, watu watatu walitoroka siku moja, siku mashine ya kukamulia mkonge ilipopasuka. Mtu akitoroka hutorokea mahali. Hawa kumi na tisa walitorokea wapi, kwa miaka mitano, asiwaone hata mpagazi mmoja, hata dereva mmoja wa lori? Swali hilo hakuna ofisi iliyoliuliza. Mtoro hapewi jeneza, wala mjane wake hapewi barua ya rambirambi, na meneja halazimiki kueleza kitu kwa mtu yeyote. Ni neno lililowafaa sana.

Kwa kawaida moto wa msiba huzimwa siku ya tatu. Mzee wa ukoo hulitaja jina la marehemu, humwaga maji, watu hunyoa, matanga yanaisha. Moto wa Igowole ulikataa maji. Walijaribu maji ya kisimani, wakajaribu ya mtoni, mchungaji akaja kujaribu yake. Ilichukua mwaka mmoja kuelewa kwamba jina lilikuwa linatajwa na watu wasiohusika. Waliosema ametoroka ndio waliopaswa kusema amekufa.

Isakwisa alizunguka nyumba zote kumi na tisa. Ya mwisho ilikuwa ya Lea, mke wa Timotheo. Lea alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, nywele zake hazijanyolewa wala kusukwa tangu mwaka wa hamsini na tatu, na zilimfika kiunoni. Kando ya moto, juu ya mkeka chini ya kibanda cha nyasi, alilala Yudith, mama yake Timotheo. Kwa desturi mama wa marehemu halali kitandani mpaka matanga yaishe. Yudith alikuwa amelala chini miaka minne, na kifua chake kilisikika kikikwaruza kutoka njiani.

Lea alimpa karani kigoda, akaingia ndani, akatoka na barua iliyokunjwa mara nne. Timotheo, namba 2216, ametoroka kambini Jumatano, tarehe 11 Machi 1953.

"Jumatano hiyo nilikuwa napalilia maharage," alisema Lea. "Niliporudi moto unawaka hapa. Andika na hilo."

"Fomu haina nafasi ya hilo, dada. Wanauliza unataka kipindi gani."

"Nataka wamtaje. Waseme Timotheo wa Igowole, mwana wa Yudith, amekufa siku hiyo. Basi. Hata dakika moja hawamalizi."

"Kwa nini redio?"

"Sasa ni nani mwingine? Hao wa shamba hawajibu barua. Jumbe anasema yeye ni mdogo. Redio ndiyo inasema, na serikali inasikia, na sisi tunasikia, wote siku moja. Wakisema wao, huyu mama atapanda kitandani."

Yudith alifumbua macho. "Mwanangu," alimwambia karani, "mimi sitaki mifupa. Waniambie ukweli tu, nikalale."

Isakwisa aliitazama orodha ya visanduku vitano. Kisha aligeuza fomu, akaandika nyuma, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni: Matangazo ya vifo. Akaandika jina na tarehe. Alikuwa amefanya hivyo kwa nyumba zote kumi na tisa. Alipomaliza alisema, "Ndaga, mama," yaani asante na pole kwa Kinyakyusa chake, maana Kiswahili kilikuwa kimemwishia.

Mbeya ilikuwa na baridi kali wiki ile. Mkuu wa ofisi, bwana Hadley, alizisoma fomu kumi na tisa kwa upande wa mbele. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kumpigia karani kelele, na upole wake ndio uliomfanya asumbue zaidi.

"Swali la saba halina jibu," alisema.

"Majibu yako nyuma, bwana."

"Nyuma hakuhesabiwi, Isakwisa. Unajua."

Isakwisa alijua. Ndiye aliyechapa kanuni hiyo kwa taipu. Hata hivyo alisimama mbele ya meza na kusoma majina yote kumi na tisa kwa sauti, na tarehe ya kila barua, na tarehe ya kila moto. Bwana Hadley alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba anawasikitikia sana, lakini kwa mujibu wa hati za waajiri watu hawa wapo hai, na redio haiwezi kutangaza kifo cha mtu aliye hai. Ingekuwa ni uongo. Akaomba fomu ziwekwe kabatini.

Kesho yake kabati la chuma lilikuwa la moto. Ukifungua droo uliona fomu zikiwaka polepole, kila moja na ndimi zake, karatasi haipungui. Tarishi alipima kwa kiganja, akaona linafaa, akaweka birika la chai juu yake. Saa nne maji yalikuwa yamechemka. Bwana Hadley alivuta meza yake ikakaribia kabati, akavua koti kwa mara ya kwanza tangu Mei, akasema mwaka huu angalau hawatahitaji kuagiza mkaa. Alikunywa vikombe viwili vya chai asubuhi hiyo. Akiwa na kikombe mkononi alimsomea Isakwisa ripoti, naye Isakwisa akaichapa.

Wasikilizaji wa Igowole, ilisema ripoti, huzima redio kwa kutoridhishwa na muziki. Inashauriwa muziki uongezwe kutoka nusu saa hadi saa nzima. Inashauriwa pia swichi iondolewe, ili wasikilizaji wasijinyime.

Isakwisa hakukosea hata herufi moja. Hilo nalo linakera, kwamba mikono yake ilifanya kazi vizuri. Alikuwa na mke na watoto watatu Rungwe, na alijua kuna vijana wangapi wanaojua taipu.

Septemba alirudi Igowole na fundi. Fundi aliing'oa swichi, akaziba tundu kwa kipande cha bati, akaunganisha saa ndogo ya kuifungua na kuifunga redio yenyewe. Liberatus aliutazama ufunguo wake, akauacha hapo hapo shingoni. Alibakiwa na kazi ya kubeba betri.

Yudith alimwona karani akipita njiani. Hakuweza tena kunyanyua kichwa, ila aliuliza, na watu wote waliokuwa pale walisikia.

"Mwanangu, wamekubali?"

"Wanaangalia, mama," alijibu Isakwisa, akapanda lori.

Jioni hiyo habari ziliisha, dansi likaanza, na hapakuwa na wa kuzima. Liberatus alivua blanketi lake akaifunika redio. Sauti ilipita kwenye blanketi ikafika kwenye mioto yote kumi na tisa. Watu waligeuza vigoda vyao wakakaa wakiipa mgongo.

Yudith alifariki wiki ya pili ya Oktoba, asubuhi, kwenye mkeka. Huyu alifia mikononi mwa watu, kwa hiyo hakuna aliyebishana na kifo chake. Mchungaji alisoma, jumbe aliandika kitabuni, na majirani wakaleta kuni, wakawasha moto wa msiba wake hatua mbili kutoka ule wa mwanawe, kwa kiberiti. Uliwaka kama moto wowote, ukitaka kuni na kutoa moshi. Siku ya tatu mzee wa ukoo alilitaja jina la Yudith, akamwaga kibuyu kimoja cha maji, ukazima. Majivu yakazolewa. Watu wakanyoa, isipokuwa Lea.

Kibuyuni yalibaki maji kidogo. Lea aliyamwagia moto wa Timotheo, kama alivyowahi kufanya mara nyingi. Uliyapokea ukaendelea kuwaka.

Ilipofika saa kumi na mbili na nusu, kutoka barazani, redio ilisema kwamba muziki ufuatao ni kwa wasikilizaji wetu wa Igowole, kama walivyoomba wenyewe. Lea alichukua mkeka wa mama mkwe wake, akaukung'uta, akautandika pale pale ulipokuwa, akalala.